Koti la Kutu

Jumanne, saa moja asubuhi, barafu nyembamba ukingoni.
Nachovya karatasi ya kupimia kwenye bomba la kwanza:
yageuka nyekundu kama mtu aliyetukanwa.
Tatu nukta moja. Naandika.
Mgodi nambari sita ulizibwa kwa zege nikiwa darasa la nne,
lakini mlima wa Tarrow haujaacha kutapika.

Maji haya ni ya rangi ya machungwa.
Si ya machweo, usinielewe vibaya:
ya bati bovu, ya msumari uliosahauliwa mvuani.
Sisi watoto wa bonde hili la Pensilvania
tulichora mito kwa krayoni ya machungwa,
na mwalimu mgeni alipotusahihisha
tulimcheka.

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajasimama hapa na buti za mpira
wakayatazama matete yakizoa.

Tuliyapanda mwaka ule baba alipoanza kukohoa weusi.
Ondrej Vasko, miaka thelathini na moja chini ya ardhi.
"Nyasi za bata," alisema,
"zitaweza nini penye kazi iliyowashinda wahandisi?"
Akachimba hata hivyo. Mikono yake haikujua kukaa.
Miche elfu mbili, malori tisa ya mawe ya chokaa,
mbolea ya uyoga iliyotunukia mpaka kitandani.
Mwezi wa kwanza yakanyauka:
ncha manjano, kisha kahawia,
jani likajikunja kama karatasi iliyosogezwa jikoni.
Delphine Kroll wa kanisani akatuletea keki, kama kwenye msiba.

Hayakuwa yanakufa.
Yalikuwa yanaizoea sumu, na mazoea yana gharama.

Kata tete moja utazame. Ndani ni vyumba vitupu,
vyumba juu ya vyumba, mrija wa hewa
kutoka jani la juu hadi matopeni.
Huko chini kusikopumua kitu
mzizi huvujisha pumzi yake mwenyewe,
na chuma kilichoyeyuka majini, kisichoonekana,
kikiguswa na pumzi hiyo
hushtuka, huwa kutu, huganda.
Mzizi huivaa kutu hiyo kama koti.
Arseniki hunasa kwenye koti, zinki hunasa,
na kidogo kinachopenya
hufungiwa mizizini kisilifikie jani changa.
Chini zaidi, katika tope jeusi linalonuka yai viza,
vijidudu visivyo na jina mtaani kwetu
vinaikamata salfa na kuizika.

Usiku baba alilala na mrija puani,
mashine ikihema pembeni kama mbwa mzee.
Nikamweleza habari ya mizizi.
Alinyamaza hata nikadhani kasinzia.
"Kwa hiyo yanapumua chini," akasema.
"Kama sisi."
Mashine ikahema mara mbili, tatu.
"Ila sisi hatukupewa koti."

Nimehesabu Machi nne tangu tumzike.

Leo bwawa la pili limejaa tope la kutu hadi magotini;
itabidi lizolewe, na kaunti haijajibu barua yangu.
Manganizi inapita bado, haijali.
Baridi ikikaza matete hulala, vichwa vyao vya kahawia
vikipasuka manyoya kama mito ya kulalia iliyochanika,
na kazi hupungua. Nisiseme uongo: si muujiza.

Bomba la mwisho. Karatasi inasita,
kisha inachukua umanjano wenye dalili ya kijani.
Sita nukta nne.
Chini ya jiwe, kiluwiluwi cha salamanda,
mashavu yake yana matawi mekundu ya kupumulia.
Simgusi.

Nang'oa tete moja lililokufa, nione.
Mzizi umevaa koti lake zito, la machungwa,
na nikilikwangua kwa kucha,
chini yake ni mweupe,
mweupe kabisa.

Kutu imeniingia mistari ya kiganja. Haitoki kwa sabuni.
Naandika tarehe, na mkono huohuo
nautia mfukoni.